Shangazi, tunatengana kwa shilingi 68,000

Shangazi, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara tatu nikaichana, maana kila nikiianza inageuka daftari la matumizi. Safari hii nimeiacha iwe daftari.

Nina miaka 36, watoto wawili, mume mmoja na kodi tatu. Kodi ya kwanza ni ya tunapoishi mimi na watoto, Kwa Mrombo hapa Arusha: chumba, sebule na choo cha ndani, 130,000 kwa mwezi. Ya pili ni ya fremu yangu ya kazi, 100,000. Ya tatu ni ya chumba cha baba watoto kule Pasua, Moshi, 50,000. Swali lako la kwanza nalijua, kwa sababu majirani wameshaniuliza: mwanaume mwenye chumba chake mji mwingine anafanya nini humo? Hapana, Shangazi, si hilo. Chumba chenyewe nimeshakilala. Kina godoro moja, ndoo, gunia la sufuria na kamba ya kuanikia soksi. Mwanamke wa kukivumilia ni mimi tu.

Mume wangu ni mpishi wa mlimani. Alianza kama mgumu, akibebea wageni mizigo Kilimanjaro, akapanda ngazi mpaka jikoni. Kazi zile zina tabia yake. Jioni mgeni mmoja anaongezeka au mpishi mmoja anaumwa, simu inapigwa, na kesho asubuhi gari linaondoka kwenda getini. Wa Moshi anakwenda ofisini kwa miguu. Wa Arusha akipigiwa saa mbili usiku, kilomita 80 zinamtazama. Mwaka mzima alijaribu kutokea hapa, akapitwa na safari hadi akaanza kukasirikia simu yake. Ndipo tukapanga kile chumba.

Mimi ni fundi cherehani, lakini sijui kushona gauni hata la kipaimara. Nashona mahema. Nabadilisha zipu, naziba sakafu zilizotoboka, nashona makava ya siti na maturubai ya Land Cruiser za mbugani. Kazi hii kituo chake ni Arusha, maana magari ya Manyara, Ngorongoro na Serengeti yanatokea hapa, na gereji zake ziko hapa. Hema la mlimani ukilifungua mezani linatoa harufu ya soksi na supu ya matango, na vumbi la juu kule ni laini kama unga, ndilo linalokula meno ya zipu. Nikishika hema naweza kukwambia lilitembea njia ya mvua au ya vumbi. Watoto wangu wanaona ni kipaji. Mume wangu anasema ni umbea wa mahema.

Sasa sikia ubaya wake na uzuri wake. Aprili na Mei, masika yakikolea, wageni wanapungua, makampuni yanatoa mahema stoo na kuniletea. Mimi silali, yeye amelala Pasua akihesabu boriti. Kuanzia Juni mpaka Oktoba yeye anapanda na kushuka, mimi napokea dharura tu na siti za magari. Tunapokezana kama walinzi wa zamu. Hilo limetuwezesha kula mwaka mzima bila kuandikwa kwenye daftari la mwenye duka, na hilohilo limetufanya tusionane. Nikiwa na nafasi, yuko juu. Akiwa na nafasi, mimi nimeinama kwenye cherehani mpaka saa tano usiku.

Tungeendelea hivyo, ila mwenye nyumba amekuja na mapya. Kuanzia mwezi ujao anataka 170,000, ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 1,020,000. Sababu yake ni mpira. Mashindano ya Mataifa ya Afrika ya 2027 yanakuja kwetu, Kenya na Uganda, na uwanja wa Arusha uko Olmoti, si mbali na huku kwetu. Nilimuuliza kama timu ya taifa italala sebuleni kwangu. Hakucheka. Anataka jibu kabla ya tarehe 30.

Baba watoto aliposikia akasema ndiyo dalili, tuhamie Moshi wote. Na akitaja Moshi anataja kwa hesabu: vyumba viwili na sebule Pasua ni 100,000, fremu ya kufaa 60,000, kile chumba chake tunakirudisha, na nauli za kwenda na kurudi, ambazo kwa mwezi zinatula kama 32,000, zinakufa.

Sikutaka kubishana na mtu kwa mdomo. Shule zilipofungwa Juni nilifunga fremu, nikapakia cherehani, watoto na magodoro, tukaenda Moshi wiki mbili. Kondakta alinitoza cherehani nauli ya mtu mzima, na kweli kiti ilikalia.

Nikwambie ukweli, Moshi ni mji wa kukaa. Msafi, umepangika, unatoka Majengo hadi sokoni kwa miguu bila kudaiwa nauli ya daladala. Mchele wa Mabogini, ndizi za kila aina, perege wa Nyumba ya Mungu, na bei yake haikufanyi ukune kichwa. Mtoto wangu mdogo ana miaka minne na kifua chake Juni huwa ni filimbi, baridi ya Arusha haimpendi. Moshi, ambako joto liko juu kuliko huku, hakukohoa hata siku moja. Mbu ndio walitukomesha, nikanunua neti siku ya pili.

Halafu kuna maji. Mimi nimezaliwa Maji ya Chai, Shangazi, na ukiniona nikicheka utajua bila kuuliza. Meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota, kwa floraidi iliyo kwenye maji ya upande wetu wa Meru. Shuleni tulikuwa hivyo karibu wote, kwa hiyo sikujua kama ni kilema mpaka nilipokuja mjini. Watoto wangu nawanunulia maji ya kunywa kwa dumu, hata mwezi ambao nyama hatuli. Moshi niliona watoto wa jirani wanakunywa ya bombani, meno meupe pe, nikasikia wivu wa ajabu.

Na kuna kitu kimoja hakimo kwenye daftari. Asubuhi ya siku ya nne mlima ulikuwa wazi, kama unavyokuwaga saa kumi na mbili kabla wingu halijapanda. Mdogo alitoka mlangoni na kikombe cha uji, akasimama. Baba yake alikuwa njia ya Machame. Akanyosha kidole kwenye ule weupe akauliza, "Baba yuko pale?" Nikamwambia yuko chini yake kidogo. Akapiga kelele kumsalimia. Kila asubuhi iliyofuata alitoka kupiga kelele, hata siku za wingu.

Sasa rudi kwenye daftari. Kubadilisha zipu ya mlango wa hema Arusha ni 25,000. Moshi mteja wa kwanza aliniambia 15,000, wa pili akasema 15,000 kana kwamba wamekaa kikao, wa tatu akataka nimshonee kwanza, pesa wageni wakishuka. Niliulizia siti za magari, nikaambiwa hizo wanapeleka Arusha. Wiki mbili, baada ya kutoa zipu na nyuzi, nilibaki na 120,000. Wiki mbili kama hizo mwaka jana, hapa kwangu, daftari linasema 250,000.

Mume wangu ana hoja yake, na si ya kijinga. Anasema nilikwenda wakati mbaya, mahema yote yako mlimani, ningekwenda Mei. Anasema pia mteja hawezi kukuzoea kwa wiki mbili. Nakubali. Lakini Mei nayo, mahema mengi zaidi yananisubiri Arusha, kwa ile bei ya 25,000.

Hapo ndipo tunapogombana, na hapa nataka unisikilize mimi kama mimi. Watu husema Moshi ni nafuu. Nafuu kwa nani? Mji ule ulijengwa na kahawa, ushirika wa KNCU upo tangu 1933, bibi zetu walisomesha watoto kwa magunia yale. Leo ukitazama nani anatoa noti sokoni ni mfanyakazi wa hospitali ya KCMC, mwanafunzi wa chuo aliyetumiwa hela na wazazi, wapanda mlima, na Desemba ndiyo hao wanaotoka Dar na magari kuja kuhesabiwa kihambani, kwenye mashamba ya ukoo. Hela nyingi inatoka nje. Mwenye hela ya nje akifika, Moshi ni pepo. Mwenye kuitafuta palepale anakuta na bei ya kazi yake nayo ni nafuu. Chumba chetu cha Pasua ni rahisi kwa sababu fremu ya Arusha inakilipia miezi ya masika. Nikimwambia hivyo baba watoto anasema nimeanza siasa.

Arusha nayo sijaipamba. Ni jiji, sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya 600,000, mara mbili na ushee ya manispaa ya Moshi, na kila mmoja wao naona yuko kwenye foleni ya kifodi changu, daladala ya huku, asubuhi. Tuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuna Mahakama ya Afrika, tuna mikutano, na mpangaji anayelipwa kwa dola ndiye anayemfundisha mwenye nyumba wangu kuota. Lakini mtu akiharibikiwa na siti usiku, kesho saa moja yuko mlangoni kwangu na anatoa pesa bila kubembelezwa.

Hesabu yenyewe hii. Tukihamia Moshi wote tunaokoa, kwa ile kodi mpya, 192,000 kwa mwezi pamoja na nauli. Mimi, nikipiga kwa zile wiki mbili, napoteza 260,000. Tofauti ni 68,000. Nilivyoiandika ile namba chini ya mstari nilikaa nikaitazama. Kwamba mimi na mume wangu tunalala miji miwili kwa 68,000 kwa mwezi. Haifiki hata bei ya zipu tatu.

Kila ndugu ana mji wake wa kunipa. Shemeji yuko Dodoma, anasema tangu Serikali ihamie kule ujenzi haulali, na treni ya kisasa inakufikisha Dar siku hiyohiyo. Sawa, lakini Dodoma nani atanipa hema nimshonee, na huyu mwingine atampikia nani mlima gani? Dada yangu ndiye aliyenichekesha. Amesema tukae Boma Ng'ombe, katikati, kila mtu apande gari lake asubuhi. Boma nimepita mara nyingi kwenye Noah nikiwa nimefunga kioo kwa vumbi na upepo. Halafu simu ya saa mbili usiku itamkuta yuko mbali na Moshi, na mteja wa saa moja asubuhi hatanikuta Arusha. Tutakuwa tumehama ili wote wawili tuchelewe.

Mengine mawili yananishika mguu. Mkubwa yuko darasa la nne, upimaji wa taifa ni Oktoba, na mwalimu wake amenisihi nisimhamishe kabla. Na kikoba chetu cha kina mama hapa Kwa Mrombo ndicho kilichonikopesha hii cherehani ya kazi nzito. Bado marejesho ya miezi mitatu. Kuondoka na deni la kikoba, hata ukilipa kwa simu, wanakutaja kila Jumamosi.

Kwa hiyo, Shangazi, sikuombi uniambie mji gani mzuri. Hilo nalijua, mzuri ni ule aliokuwemo mtoto na kikombe cha uji. Nisaidie haya. Kwanza, kuna mtu aliyehama na ufundi wake akashusha bei kuanza upya, na ilimchukua muda gani wateja wa zamani kumfuata? Nimefikiria kuacha fremu Arusha kwa kijana ninayemfundisha, mahema yaje Moshi kwa kosta, siti abaki nazo yeye, tugawane. Kijana ni mwaminifu ila zipu zake bado zinapinda. Pili, mwenye nyumba huyu naweza kumwomba miezi mitatu badala ya sita, mpaka mtoto amalize mtihani, au nitakuwa nimempa nafasi ya kupandisha tena? Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike usiku huu: mwanamke akimwambia mumewe "rudi wewe Arusha, safari zitakazokupita zikupite", anamvunjia heshima? Sijawahi kumwambia. Kila mara ni mimi ninayepigiwa hesabu za kuhama.

Ameingia Machame juzi. Anashuka kwa njia ya Mweka Jumapili, akishapata mtandao atapiga kuuliza nimeamua nini.

Mama wa Wawili,
Kwa Mrombo, Arusha