Kasha langu si bovu

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka kumi na tisa bila kuandika hata mstari mmoja. Ile habari yenu ya pete za moshi imenishinda kunyamazia.

Mwandishi wako anasema pete mbili zikifuatana, ya nyuma hupenya katikati ya ile ya mbele, kisha hupokezana zamu hivyo hivyo milele. Milele ndani ya nini? Mwanafizikia Helmholtz, aliyeueleza mchezo huo mwaka 1858, alikuwa akipiga hesabu za kiowevu kisicho na mnato, yaani kisicho na ule ukinzani wa ndani unaozuia kitu kutiririka. Hicho hakijawahi kujaza bilauri ya mtu.

Kesho yake niliingia darasani na kasha langu: upande mmoja tundu la duara, upande wa pili nimewamba mpira, ndani moshi. Nikapiga mara mbili, upesi. Pete ya mbele ikatanuka na kupunguza mwendo. Ya nyuma ikasinyaa, ikaongeza kasi, ikachomoza katikati ya mwenzake, safi kabisa. Zamu ya pili haikufika. Pete zilishanenepa, moshi wa hii ukaingia kwenye ile, likabaki donge moja linalojikokota kuelekea dirishani. Mwanafunzi wa mstari wa mbele akanyoosha mkono: “Mwalimu, kasha lako bovu. Gazetini zinaendelea.” Darasa zima likaangua kicheko. Kasha si bovu! Hewa ina mnato, na mnato ndio unaoutawanya mzunguko kutoka kwenye kiini chembamba cha kila pete, mpaka viini viwili vinaingiliana na kuwa kimoja. Tena mkaongeza kwamba pete zikigongana uso kwa uso hudunda kama mipira. Hazidundi, bwana. Hutanuka pamoja, huanza kupindapinda, na mwaka 1992 watafiti Lim na Nickels walionyesha ndani ya maji, pete moja nyekundu na nyingine ya buluu, jinsi zinavyokatika na kuungana upya kuwa vijipete vilivyojipanga kwenye mzingo, kila kimoja nusu nyekundu, nusu buluu. Kukatika huko hakuwezekani bila mnato uleule mlioutupa.

Mwanafizikia William Thomson naye, mwaka 1867, alipoona pete za moshi za rafiki yake Tait, mwanafizikia mwenzake, alidhani atomu zenyewe ni pete za namna hiyo, kwa kuwa zisingekufa. Angalau yeye aliweka sharti la kiowevu kamilifu, kisicho na mnato. Ninyi mmeweka picha ya rangi.

Halafu hilo neno “uzito”. Mmeliandika mara nne mkimaanisha mnato. Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea, lakini kwa mnato yanayazidi maji makumi ya mara. Neno “mnato” lipo kwenye kamusi. Sijui kamusi yenu imeegemezwa mlango gani.

Napendekeza mwandishi huyo apewe ndoo ya asali na bomba la sindano, afungiwe mpaka apate pete moja tu. Akiipata, mimi nitaomba radhi, ukurasa wa kwanza, kwa gharama zangu.

Mwalimu wa fizikia