Kwa wazee wenzangu wa baraza: kesi ile si yetu

Wazee wenzangu,

Mlionizidi umri, shikamooni. Mliobaki nawaitikia marahaba mapema, maana mkimaliza kusoma huenda msitake tena kuniamkia.

Naandika kwa sababu ya yule binti wa darasa la saba aliyebakwa, aliyesimama mbele yetu akasema hataki ng'ombe wa fidia, anataka mtu aliyembaka apelekwe polisi. Mkamwambia akae chini, hana adabu. Mimi nilimsikiliza vizuri. Alingoja apewe nafasi, hakumtukana mtu, akataja jina na siku. Waliopiga kelele ni watu wenye mvi.

Mmoja wetu alisema mambo haya zamani hayakuwepo. Yalikuwepo, tena sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Zamani tulimalizana nyumbani tu: baba anapata mifugo, wazee tunapata chetu cha kikao, mama anaambiwa amnyamazishe mwanawe, na mwanaume anaendelea kupita kisimani kama kawaida. Mnasema hiyo ndiyo amani ya koo. Basi mwambieni binti fungu lake katika amani hiyo ni lipi.

Mwingine akauliza mbona hakupiga yowe. Swali hilo lisirudiwe tena. Kwa sheria yetu ya jinai, msichana wa chini ya miaka 18 aliyeingiliwa na mwanaume asiye mumewe amebakwa, awe amekubali au hakukubali. Adhabu ya kawaida ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Hakuna baraza la kijiji wala la kata lenye mamlaka ya kuamua kesi hiyo. Mipaka ya mashamba, sawa, tukae tusuluhishe hadi jua lizame. Hii si yetu.

Na kinachoniuma zaidi ni ule utaratibu wetu wa kungoja. Tukingoja mjomba afike, tukaahirisha hadi Jumapili, tunajiona tuna busara. Lakini dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kwa binti huyu saa hizo ziliisha huku ninyi mnabishana kama ng'ombe wawe wawili au watatu. Ushahidi nao ulioshwa: shangazi zake walimwogesha wakafua nguo, kwa nia njema, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia wasifanye hivyo.

Kina mama, basi sikieni. Mtoto asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Fomu ya PF3 ya polisi itahitajika kwa ajili ya kesi, lakini matibabu yasisubiri karatasi. Ukikosa mtu wa kumwambia, namba 116 ni ya huduma kwa mtoto na kuipiga ni bure. Najua kwetu mtandao unapatikana juu ya kilima tu. Pandeni.

Tuna mfuko wa baraza unaonunua maturubai ya misiba. Naomba utoe pia nauli ya pikipiki kwa mtoto yeyote anayepelekwa hospitali au polisi kwa jambo la namna hii, bila kikao cha kujadili.

Ijumaa naondoka na binti huyo kwenda wilayani, kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Mama yake anataka kuja, ila anawaogopa shemeji zake, na shemeji hao wanasoma barua hii. Tunatoka saa kumi na mbili asubuhi. Asiyetaka kutusindikiza asisimame njiani.