Wanyama wa Theo Jansen si midoli

Mhariri,

Nilifurahi kuona gazetini picha ya wanyama wa Theo Jansen, msanii wa Uholanzi anayeunda mifupa mikubwa inayotembea kwa nguvu ya upepo, wakitembea ufukweni, lakini maelezo yaliyowaita "midoli ya upepo" yameniuma. Mimi ni fundi umeme, naishi The Hague, karibu na Scheveningen, mtaa wa ufukweni alikozaliwa Jansen mwaka 1948. Mifupa ya wanyama wale ni mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya, yale yale ninayoyafukia ukutani kazini.

Jansen alisoma fizikia katika mji wa Delft, akaacha bila shahada, akawa mchoraji. Mwaka 1980 alirusha juu ya mji huo chombo kikubwa chenye umbo la sahani, kilichojazwa gesi ya heliamu, watu wakataharuki wakidhani ni chombo cha viumbe kutoka anga za mbali. Miaka kumi baadaye aliandika gazetini juu ya hofu ya Waholanzi wengi, bahari kupanda, akawaza wanyama wa kwenda kwa upepo ambao wangetifua mchanga na kuurundika kwenye matuta yanayoikinga nchi. Kazi yote ilianzia hapo.

Ajabu yenyewe iko kwenye mguu. Gurudumu huzama mchangani. Mguu wa Jansen hunyanyuka na kukanyaga huku kiuno cha mnyama kikibaki usawa ule ule. Urefu wa kila kipande aliutafuta kwa kompyuta ya Atari: programu ilishindanisha miguu mingi, ikabakiza iliyotembea vizuri, ikaizalisha upya. Baadaye akaongeza chupa za plastiki za kushindilia hewa, mnyama apate nguvu upepo ukitulia, na mrija unaonyonya hewa karibu na ardhi. Mrija ukivuta maji, mnyama anageuka kuikimbia bahari. Hakuna mota, hakuna betri.

Wapo watakaosema plastiki hiyo nayo ni uchafu. Siwapingi, natamani angepata kitu kingine. Na matuta hayajajengwa na wanyama wake. Lakini mtu aliyeuchunguza upepo na mchanga wa pwani yake kwa zaidi ya miaka 30 anastahili maelezo marefu kuliko mstari mmoja chini ya picha.

Vipimo vya mguu hakuvificha, amewaachia walimwengu. Naomba mchapishe mchoro wake kwenye ukurasa wa watoto, ukiwa na namba zote: mkono wa krenki (kipande kinachozunguka na kuuendesha mguu) 15, kipande kirefu kuliko vyote 65.7, na vinginevyo kwa uwiano huo. Vijiti vya mianzi na waya mwembamba vinatosha kuuunda. Mkiweza, utoke kabla shule hazijafungwa, ili walimu wa fizikia na wa sanaa wauone pamoja.

Fundi umeme,
The Hague, Uholanzi