Ulinzi wa misitu ya Pugu na Kazimzumbwi uanzie msituni, si barabarani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikera kila ninapotoka Kisarawe alfajiri kwenda mjini, nikipishana na baiskeli na pikipiki zilizosheheni magunia ya mkaa, zikiwahi kufika Dar es Salaam kabla hakujapambazuka. Sisi wakazi wa huku tunajua kwamba sehemu ya mkaa huo haitoki mbali.

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilitengwa kuwa hifadhi tangu enzi za mkoloni, na katika miaka ya karibuni imepandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Ni masalia ya misitu mikavu ya pwani ambayo zamani ilitanda kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, na leo imebaki vipandevipande. Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama mwenye uzito wa gramu 60 hivi, yaani kama yai la kuku wa kisasa, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa Tanzania, tena katika misitu michache tu ya ukanda wa pwani. Najua wapo watakaosema komba hajazi sufuria. Basi wautazame Mto Msimbazi, ambao chanzo chake kiko katika vilima hivihivi: udongo unaoporomoka kwenye miteremko iliyofyekwa huishia mtoni, na kina cha mto kikijaa mchanga, wa kwanza kuhama nyumba ni watu wa Jangwani, huko bondeni Dar es Salaam.

Serikali haijakaa kimya. Ipo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, upo Wakala wa Huduma za Misitu, na yapo mageti ya ukaguzi barabarani. Lakini mkaa unapofika getini mti umekwisha kuanguka. Anayekamatwa pale aghalabu ni kijana wa pikipiki mwenye magunia mawili au matatu, ambaye hana tanuru wala hakutoa fedha za kulipia wakataji, na siku inayofuata nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Mkaa uliokamatwa nao hupigwa mnada, ukaingia sokoni kulekule ulikokuwa ukienda, safari hii ukiwa na risiti. Sipingi mnada, kwa kuwa mkaa uliokwisha kuchomwa haurudi kuwa mti. Ninachohoji ni kuhesabu mapato yake kama mafanikio ya uhifadhi.

Isitoshe, mchoma mkaa mara nyingi ndiye mtangulizi tu. Akishaondoa miti mikubwa, mwingine hufyeka vichaka, hulima muhogo msimu mmoja au miwili, kisha eneo huanza kuitwa shamba, na baadaye viwanja. Mnunuzi hupewa karatasi yenye sahihi, hujenga kwa akiba yake ya miaka mingi, na siku ya kuvunjiwa nyumba yeye ndiye huonekana mvamizi, ilhali aliyemuuzia hajulikani alipo. Bikoni za mpaka zikiwa wazi, zikisomeka, na ramani ya hifadhi ikabandikwa katika kila ofisi ya serikali ya mtaa na kijiji inayopakana nayo, biashara hii itakuwa ngumu zaidi.

Wilayani Kilosa, baadhi ya vijiji vilitenga sehemu ya misitu yao wenyewe kwa ajili ya mkaa, vikavuna kwa vitalu, vikaacha visiki vichipue, na ushuru ukabaki kijijini. Mwanakijiji anayeona darasa limejengwa kwa ushuru huo hahitaji askari wa kumhimiza afanye doria. Hifadhi za Pugu na Kazimzumbwi ni ndogo mno kuvunwa hata kwa utaratibu huo, lakini vijiji jirani vyenye ardhi vingeweza kusaidiwa kuanzisha misitu yao.

Upande wa mlaji, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo jema, ila mama ntilie hununua mkaa kwa kopo kulingana na fedha aliyoipata siku hiyo, wakati mtungi wa kawaida wa gesi humtaka alipe kwa mkupuo. Mpaka gesi inayouzwa kwa kadiri ya mfuko wake imfikie, ataendelea kununua mkaa, na tanuru litaendelea kufuka.

Ninaziomba mamlaka husika zitoe hadharani taarifa ya kila mwaka inayoonyesha ni magunia mangapi yamekamatwa kwenye mageti ya njia ya Kisarawe, yalitoka msitu upi, na kati ya walioshtakiwa, ni wangapi walikuwa wenye mzigo na wangapi walikuwa waendesha pikipiki.

Mkazi wa Kisarawe,
Mkoa wa Pwani