Risala ya Klabu ya Uchumi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Tunakushukuru, Mgeni Rasmi, kwa kurudi katika shule uliyosoma.

Muhula huu tumesoma maisha ya Arthur Lewis, mzaliwa wa kisiwa cha Saint Lucia katika Karibi, wakati huo koloni la Uingereza, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 1979. Tulitaka kujua ni nani waliomfundisha. Wa kwanza ni baba yake. Arthur aliugua akiwa na miaka saba, baba akawa anamfundisha nyumbani kila siku. Aliporudi shuleni alirushwa kutoka darasa la nne hadi la sita. Baba huyo alifariki Arthur akiwa bado na miaka saba.

Kijana alitamani uhandisi, lakini nani angemwajiri mhandisi mweusi katika koloni lile? Mwaka 1933 akaingia London School of Economics, chuo cha uchumi jijini London, kusoma biashara. Arnold Plant, mwalimu wake pale na muumini wa soko huria, alimlea kitaaluma ingawa Lewis mwenyewe alielekea ujamaa. Hilo limetugusa sana. Kisha Friedrich Hayek, mwanauchumi mwingine wa chuo hicho, akamtaka afundishe uchumi wa dunia kati ya Vita Kuu mbili za Dunia. Lewis akasema somo hilo halijui. Hayek akamjibu kwamba njia bora ya kulijua somo ni kulifundisha.

Ila waliotushangaza zaidi ni wanafunzi wake. Alipokuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, vijana kutoka Asia na Afrika walifurika darasani wakitaka kujua nchi zao zitatokaje katika umaskini. Hapo ndipo alipoanza kufundisha uchumi wa maendeleo kwa mpangilio, na mwaka 1954 akatoa makala yake maarufu kuhusu nguvu kazi inayotoka kwenye kilimo duni kwenda viwandani.

Mheshimiwa, tuna mwalimu mmoja wa Uchumi kwa kidato cha tano na cha sita. Anajitahidi mno. Kwa hiyo kila Jumamosi tunafundishana wenyewe, na anayeogopa mada ndiye anayepewa aifundishe.

Maombi yetu ni mawili. Utupe saa moja kila muhula, tukuulize maswali. Na utuletee vitabu ulivyosomea, hata vyenye maandishi yako ya penseli pembeni. Hayo ndiyo tunayataka hasa.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama, Klabu ya Uchumi