Mjomba, dinosaria wa Tendaguru ana ndugu Ajentina

Mjomba, shikamoo.

Juzi kwenye simu ulirudia lile la siku zote: Wajerumani walibeba mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, kile kilima cha kwetu Lindi, wakatuachia mashimo. Hapo sina ubishi. Ila leo nikupeleke mkoa wa Chubut, Patagonia, kusini mwa Ajentina. Kuna miamba ya rika moja na yetu, ila mifupa yake haikusafirishwa ng'ambo.

Miamba hiyo inaitwa Cañadón Calcáreo, nayo imo katika bonde la Cañadón Asfalto, jirani na kijiji cha Cerro Cóndor. Ni nchi kame, ya upepo na kondoo. Umri wake ni takriban miaka milioni 150, mwishoni mwa Jurasiki, moja ya enzi za dinosaria. Tendaguru yetu ilikuwa pwani, bahari ikiingia na kutoka. Kule ni mchanga na tope la mito na maziwa ya bara, na katikati majivu ya volkano. Wanajiolojia huyapenda sana majivu hayo, kwa sababu yana chembe za zirkoni, madini yanayopimika umri.

Sasa sikia. Mchungaji mmoja, Daniel Mesa, alikuwa akitafuta kondoo waliompotea, akakuta mifupa. Ilipochimbuliwa, uti wa mgongo ulikuwa bado umeungana, pingili kwa pingili, kuanzia shingoni hadi nyongani. Kichwa hakikupatikana, wala mkia. Kilichowashangaza wataalamu ni shingo: ilikuwa fupi kuliko mgongo, ilhali dinosaria wa ukoo wake mkubwa, sauropodi, wanajulikana kwa mashingo marefu. Wanadhani alikula mimea ya chini, ya kimo cha mita 1 hadi 2. Mwaka 2005 Oliver Rauhut na wenzake wakamwita Brachytrachelopan mesai. Hilo "mesai" ni la yule mchungaji. Mifupa yenyewe ipo Trelew, katika makumbusho ya Egidio Feruglio, mkoa ule ule wa Chubut.

Na ndugu yake wa karibu ni nani? Dicraeosaurus, wa Tendaguru! Yule ambaye miiba ya pingili zake za shingo imegawanyika juu kama panda ya manati. Enzi hizo Afrika na Amerika Kusini zilikuwa bado zimeshikana, Atlantiki ya kusini haijazaliwa, kwa hiyo undugu huo si wa ajabu.

Kinachoniuma ni hilo la majina. Kati ya 1909 na 1913 watu wa kwetu walichimba, wakabeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Msimamizi wao hodari alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake lilipewa dinosaria mwaka 2007, Australodocus bohetii, na aliyempa ni Kristian Remes, mmoja wa walewale walioandika habari za mnyama wa Mesa. Mchungaji wa Patagonia alimtangulia kwa miaka miwili, wakati Boheti alikuwa amefanya kazi karibu karne nzima kabla yake.

Basi mjomba, mashimo tuyaache kidogo. Wewe unawajua wazee wa kule Mipingo, kijiji cha jirani na Tendaguru. Waulize babu zao kina nani walibeba mifupa ile, uyaandike majina hata kwenye daftari la shule, kisha nipigie picha kurasa unitumie WhatsApp.

Wako,
mpwa wako