Wanaobeti wanaficha jumla

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie usiri wa wanaobeti, maana tunaoshauri familia zenye tatizo hili tunaona ukiwaumiza watu kuliko hata pesa zenyewe.

Mkeka, yaani tiketi ya kubeti, ukitiki, kijiwe kizima kitauona. Mikeka iliyochanika haonyeshwi mtu. Kwa hiyo nyumbani huenda wanajua kabisa kwamba baba anabeti, wasichokijua ni jumla. Shilingi 2,000 kwa siku ni 60,000 kwa mwezi, kodi ya chumba uswahilini. Zikishaliwa, anaongeza dau ili azirudishe kabla mkewe hajagundua. Akikiri leo, pesa itadhibitiwa na nafasi ya kuzirudisha itapotea. Ndiyo maana anadanganya: analinda dau la kesho.

Aibu nayo ipo. Muislamu anajua kamari ni haramu, mlokole anaogopa kutengwa kanisani, na mwanamke anayebeti husemwa vibaya kuliko mwanamume. Hata aliyeshinda huficha, akihofia mizinga ya ndugu.

Simu imefanya kuficha kuwe rahisi mno. Pesa inawekwa usiku, ujumbe unafutwa. Lakini muamala haufutiki. Taarifa ya miamala hupatikana kwa kampuni ya simu. Angalieni pia Songesha, mkopo wa M-Pesa unaokatwa kila pesa inapoingia, mchango wa kikoba unaochelewa, na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, isiyo na maelezo.

Tunasihi msipekue simu yake kwa kuvizia. Matokeo yake huwa laini ya pili. Kaeni mchana, watoto wasiwepo, mwandike kila deni: anayedai, kiasi, riba, tarehe ya kulipa. Orodha ya kwanza karibu kila mara huwa pungufu, kwa sababu hubakiza deni moja linalomtia aibu zaidi, akitumaini mkeka utalimaliza. Rudieni baada ya wiki mbili, bila kufoka. Madeni yalipwe kidogo kidogo, moja kwa moja kwa mdai, pesa isipite mkononi mwake. Kodi na ada ashike mwenza siku ileile mshahara unapoingia. Akaunti zifungwe kwa kila kampuni anayobeti, kwani kufunga moja humhamishia nyingine tu.

Asiyeweza kuacha aende kliniki ya afya ya akili. Muhimbili ipo, na Mirembe, Dodoma. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaiweka kamari ya kupindukia pamoja na uraibu, na kudanganya ili kuficha ni mojawapo ya dalili zake 9.

Ombi letu kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha: kila mteja anapofungua akaunti yake, kabla ya mechi yoyote, aone kwa tarakimu kubwa jumla aliyoweka tangu Januari na jumla iliyoliwa. Kampuni zinazo hesabu hizo tayari. Wengi wanaozificha kwa wake na waume zao hawajawahi kuzijumlisha wenyewe.

Washauri wa familia,
Dar es Salaam